Gauni la Shingo Tatu

Kikombe cha tatu kilipovunjika, Violeth alicheka kwanza, kisha akakumbuka kwamba hawakuwa jukwaani.

Chai ilikuwa imemwagika mkekani, kwenye mguu wa Mbuke, na juu ya barua ya daktari iliyokuwa imewekwa katikati ili wote watatu waione. Mbuke aliusogeza mguu pembeni. Aliubana mkono wa kulia kwapani, na wa kushoto akaukalia. Ndivyo alivyokuwa akikaa nyumbani tangu mwaka jana, mkono mmoja ameubana, mwingine ameukalia, na kichwa kikitikisika taratibu kama cha mtu anayekataa jambo ambalo hajaulizwa.

"Unacheka nini?" Nelly, mdogo wao wa mwisho, alimwuliza Violeth.

"Mazoea."

"Dada ameungua!"

"Sijaungua," Mbuke alisema. "Chai ilishapoa zamani. Mnabishana tangu asubuhi, chai iwasubiri?"

Nelly aliiokota barua, akaikung'uta. Daktari kijana wa mjini Shinyanga alikuwa ameandika kwa mwandiko unaosomeka, na hilo peke yake liliwatisha. Mbuke alikuwa amechoma dhahabu kwa zebaki miaka kumi na minne, kwenye kikaango, jikoni, mlango umefungwa ili upepo usipeperushe chembe. Moshi ule ulikuwa umemwingia mwilini na kukaa kwenye mishipa ya fahamu. Aende hospitali ya rufaa Mwanza siku ya Jumatatu, kitanda kimeshaombwa. Mpaka siku hiyo apumzike, asikaribie mahali panapochomwa dhahabu, asipande jukwaani.

"Asipande jukwaani," Nelly alirudia kwa sauti. "Ameandika kabisa."

"Na ameandika tutakula nini huko Mwanza?" Violeth aliuliza. "Geuza nyuma, labda ndiko alikoandika."

Pantaleo, mume wa Violeth, alikuwa amekaa kizingitini akisafisha kipaza sauti kwa mate na pindo la shati. Yeye ndiye aliyewatafutia kazi, akajiita meneja. Alikohoa.

"Chacha mwenye machimbo ametuma nauli," alisema. "Duara lake la dhahabu limetema. Wiki nzima wanatoa mawe yanayong'aa, jamaa hajui hela aziweke wapi. Jumamosi ana sherehe kule machimboni, na anataka mashindano. Sisi na vijana fulani wa Nkome. Mshindi anachukua dume la ng'ombe na milioni mbili."

"Vijana gani?"

"Wanaume watatu. Wanavaa magauni, wanatuigiza sisi."

"Wanatuigiza sisi?" Mbuke aliinua kichwa. "Na mimi nani ananiigiza?"

"Dada, wewe huendi," Nelly alisema.

"Milioni mbili, Nelly," Violeth alimkatiza. "Barua imetaja kitanda. Haikutaja chakula. Haikutaja dawa za kununua nje, wala haikutaja mimi nitalala wapi wakati namwogesha. Maana nani anamwogesha? Wewe?"

Nelly aliikunja barua, kwa sababu hakuwa yeye.

Mbuke ndiye aliyeamua. Aliutoa mkono kwapani, akauacha utetemeke mbele yao wote, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi mle ndani.

"Sikilizeni. Nikienda sokoni kununua nyanya, wanasema nimelewa. Kanisani wameniombea mara mbili, wanasema nimerogwa. Mama Rhoda hapo jirani huwaita wanawe ndani nikipita. Jukwaani peke yake ndiko huu mkono ni wangu. Nikiutikisa wanacheka, nikiutuliza kidogo wanangoja. Jumatatu nitakwenda kwa daktari wenu, anifunge hata kamba. Jumamosi ni yangu."

"Basi," Pantaleo alisema, akatema mate kwenye kipaza na kukifuta kwa mara ya mwisho.

Mchezo wao ulijulikana minadani kote, kuanzia Ngokolo hadi Kahama. Madada watatu wazee, ambao hawakuolewa, wanasikia mchumba anabisha hodi. Nyumba nzima ina gauni moja tu la heshima. Kwa kuwa hakuna anayekubali kumwachia mwenzake, wanalivaa wote kwa pamoja: gauni pana la pazia jekundu na mifuko ya unga, lenye matundu matatu ya shingo na mikono miwili tu. Mbuke alikuwa shingo ya katikati, na mikono iliyotoka nje ilikuwa yake. Mikono ya wengine wawili ilibaki ndani, imebanwa na kitambaa. Kwa hiyo mikono ya Mbuke ndiyo iliyolazimika kuwapaka poda wote, kuwafunga vilemba, kumkuna Violeth pua, kumzaba Nelly kofi, na mwisho kubeba sinia la vikombe mpaka kwenye kiti kitupu cha mgeni. Poda iliingia masikioni. Vilemba vilifunga macho. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, wala hawakuuliza mikono ile ilijifunzia wapi.

*

Machimbo ya Chacha yalinuka kabla hayajaonekana. Ilikuwa harufu ya dizeli, mikojo na nyama iliyoungua, na chini yake harufu nyingine ya matope ya kijivu yaliyooshewa dhahabu na kuachwa juani. Mifereji ilipita katikati ya vibanda ikibeba maji yenye ukoko wa rangi ya risasi. Bata wawili walikuwa wakiogelea humo. Mama mmoja alikuwa akisuuza sahani hatua tatu kutoka walipokuwa bata.

Chacha mwenyewe aliwapokea akiwa amekaa, sinia la mbavu za mbuzi magotini. Hakuinuka. Alimtazama Mbuke kuanzia miguuni, akilamba kidole kimoja baada ya kingine.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee," Pantaleo alijibu.

"Hebu atikise kidogo nione."

Wanaume waliomzunguka waliacha kutafuna. Mbuke alikuwa amejifunika kitenge, mikono ndani.

"Kiingilio bado, baba," alisema. "Hata ng'ombe haonyeshwi bure mnadani."

Walicheka. Chacha naye alicheka, mfupa ukiwa mdomoni, kisha akanyoosha mkono wake wenye mafuta, akakifunua kitenge mwenyewe na kumshika kiganja. Alikishika muda mrefu, akikisikiliza.

"Kama jenereta," aliwaambia wenzake. Akakiachia, akajipangusa kwenye kitenge cha Mbuke.

Violeth aliona. Nelly aliona. Pantaleo alikuwa akiulizia umeme wa spika uko wapi.

Chumba walichopewa cha kubadilishia nguo kilikuwa na jiko la mkaa katikati, na juu yake kikaango cheusi. Ndani ya kikaango mlikuwa na donge dogo lenye rangi ya fedha, likianza kutoa moshi. Msichana aliyelichoma alikuwa amejifunga leso puani, na mgongoni amebeba mtoto asiyefunikwa pua.

"Karibuni," msichana alisema. "Namalizia sasa hivi."

Nelly alimshika Mbuke mabega, akamrudisha nje kinyumenyume. Walivalia nyuma ya Fuso, kati ya magurudumu, mahali ambapo walevi walikuwa wamepageuza choo. Violeth aliziba pua kwa kilemba. Ndipo Pantaleo alipoleta kikopo kilichofungwa kwa mfuko wa nailoni.

"Samba," alisema, akishusha sauti.

Ilikuwa dawa ya kuvuta watu, ile ambayo wacheza ngoma wa Kisukuma hujipaka kabla ya mashindano ili umati uwageukie wao. Aliinunua kwa mganga njiani. Alipofungua, nzi waliacha walichokuwa nacho chini wakaja juu.

"Hayo ni mafuta ya nini?" Nelly aliuliza.

"Usiulize. Paka."

"Mimi ni mkristo."

"Na mimi ni nani, Farao? Nimebatizwa kabla yako! Paka, Mama Luka," alimwambia mkewe.

Violeth alijipaka kwenye paji la uso, akafumba macho, akatapika kidogo na kukimeza alichotapika. Nelly alikataa. Mbuke alileta uso mbele mwenyewe.

"Nipake," alisema. "Mimi nimeingiwa na vibaya zaidi, tena vile havikunuka."

*

Walipokuwa wamekaa wakisubiri, alikuja kijana mrefu aliyevaa gauni jekundu, wigi mkononi. Alinuka dagaa. Aliinama sana mbele ya Mbuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwadila, mayu," alisalimia tena kwa Kisukuma. "Naitwa Masalu. Sisi ndio wa Nkome. Tumejifunza kwenu, kwenye simu. Tunaanika dagaa mchana, jioni tunawaangalia." Alimeza mate. "Mimi ndiye wewe."

"Ndiye mimi!" Mbuke alipiga ulimi. "Hebu."

Masalu alinyoosha mikono, akaitetemesha. Mbuke aliitazama kama fundi cherehani anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Mabega yamekaza," alisema. "Tena unaukimbiza. Mtetemo hauanzi mkononi, mwanangu. Unaanzia hapa shingoni, unashuka. Wewe usiutafute. Jifanye unaukwepa, uje wenyewe ukukute."

Kijana alijaribu tena. Alilegeza shingo, akajifanya mtu anayetaka kuficha mkono wake, na mkono ukamshinda. Ulikuwa ni ule ule. Nelly aligeuza uso. Mbuke alicheka mpaka akakohoa.

"Ananiweza! Nelly, mwone! Ananiweza huyu!"

"Dada, una akili?" Violeth alisema. "Unamfundisha adui?"

"Adui wa nini? Mtu ametoka Nkome na gauni lake, umwache akaaibike?"

Masalu aliinama tena, akaondoka akifanya mazoezi njiani.

*

Majukwaa mawili yalikuwa yametengenezwa kwa mbao zilizolazwa juu ya magunia ya marudio, ule mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu. Yalitazamana, na umati ukasimama katikati. Utaratibu ulikuwa wa ngoma za Wasukuma tangu zamani: pande zote mbili huanza kwa wakati mmoja, na watu hugeukia wanakovutwa. Hakuna waamuzi. Anayeona nyuso ameshinda, anayeona migongo ameshindwa. Chacha aliwekewa kiti katikati kabisa, na vijana wake wawili walisimama kukigeuza kila alipoashiria kwa mfupa.

Filimbi ilipulizwa saa tisa, jua likiwa kali.

Mwanzoni walikuwa sawasawa. Mbuke alimpaka Violeth poda, ikaingia puani, Violeth akapiga chafya, shingo tatu zikainama pamoja. Watu walipiga kelele. Mbuke alimfunga Nelly kilemba mpaka kidevuni, Nelly akaanza kutembea upande usio wake, na gauni likawavuta wote kama mkokoteni wenye ng'ombe wanaogombana. Kiti cha Chacha kiligeuka kikawatazama.

Kisha kelele ilitoka upande wa pili. Masalu alikuwa ameshika sinia. Hakuutikisa mkono, alijitahidi kuutuliza, kwa uso mzito wa mtu mwenye heshima zake, na vikombe vikaanza kugongana kidogokidogo, halafu sana, halafu kimoja kikaruka kikamtua mwenzake kichwani na kukaa hapo kama kofia. Umati ulinguruma. Kiti kikageuka. Watu wa nyuma walianza kukimbia, wakifuata kicheko kama mbuzi wanavyofuata chumvi.

Mbuke aliyaona yote kutoka shingo ya katikati. Sinia lilikuwa mikononi mwake na vikombe vilikuwa vikilia, lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo Nelly hakuwa ameiona tangu barua ije.

"Umeona alivyongoja?" alinong'ona. "Amengoja! Kile kikombe amekingoja!"

"Naona migongo," Violeth alisema.

"Tumalize vizuri. Tufike kwa mgeni."

"Nimesema naona migongo, dada. Pantaleo! Kipaza! Niwekee hapa mdomoni!"

Pantaleo alipanda, akakishikilia kipaza mbele ya mdomo wa mkewe. Mikono ya Violeth ilikuwa ndani ya gauni, na paji lake la uso lilikuwa liking'aa samba na jasho.

"Nyie!" sauti yake ilipasua spika. "Mnaangalia nini huko? Wale wanaigiza! Wale wanaume wazima, wakitoka hapa wanakwenda kunywa bia na glasi haimwagiki! Huyu wetu haigizi. Huyu ni mgonjwa kweli! Zebaki hii! Daktari ameandika, barua tunayo! Njooni muone kitu chenyewe, msidanganywe na bandia!"

Migongo ilisita. Kisha mmoja aligeuka, na mwingine, na kiti cha Chacha, na uwanja mzima ukaja.

"Violeth," Mbuke alisema polepole. "Umesema nini?"

"Tabasamu, dada. Wanakuja."

Walikuja mpaka mbao zikalia. Simu zilinyanyuliwa. Mchimbaji mmoja, matope yakiwa yamemkaukia mpaka kwenye kope, alipanda na chupa ya soda iliyojaa.

"Akiifikisha mdomoni bila kumwaga, nampa elfu ishirini!"

Akamwekea mkononi. Soda ilimwagika kifuani, shingoni kwa Nelly, machoni. Walicheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha minadani. Kilikuwa kicheko cha watu wanaochungulia shimo alimotumbukia mtu. Wa pili alileta kalamu, aandike jina lake. Wa tatu hakuleta kitu, aliomba tu kumshika, akamshika, akaita wenzake, na wenzake wakapanga foleni. Chacha alibebwa na kiti chake mpaka jukwaani. Alilaza noti ya elfu kumi juu ya kiganja cha Mbuke.

"Ikikaa ni yako," alisema. "Ikidondoka, yangu."

Ilidondoka. Aliiokota, akailaza tena. Ikadondoka tena. Mara ya nne aliilamba kwa ulimi na kumbandika kwenye paji la uso, hapo penye dawa, ikanasa.

Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa mbele kabisa na hakucheka. Alinyoosha vidole vyake mwenyewe mbele ya macho, akavitazama, kisha akavitia mfukoni na kuondoka haraka kuelekea kwenye karasha zinakosagwa mawe.

Mbuke alitaka kushuka. Aligeuka kushoto, na Violeth akabaki wima. Aligeuka kulia, na kitambaa kikamnyonga. Gauni lile lilishonwa makusudi ili mmoja asiweze kutoka bila wengine, na yeye mwenyewe ndiye aliyelishona. Watu walishangilia kila alipojaribu. Nelly, ambaye mikono yake haikuweza kumfikia mtu, alianza kuutafuna mshono wa shingo yake. Aliutafuna kwa meno ya pembeni kama mtu anayetafuna mfupa, uzi ukakatika, pazia likachanika mpaka kiunoni, na watu wakampigia makofi wakidhani zamu yake imefika.

"Toka, dada," alisema, akimvuta Mbuke kupitia tundu lile. "Toka."

Masalu alikuwa amefika hapo chini. Wigi lilikuwa mkononi na poda imemchora michirizi.

"Mama," alisema. "Sikujua. Nisamehe, mama. Sikujua kama ni ugonjwa."

Mbuke alimtazama kana kwamba ndiye mtu wa kwanza kumwona tangu asubuhi.

"Kwa nini umeacha?"

"Mama, ni ugonjwa. Nitauchezeaje?"

"Ulikuwa unanishinda," Mbuke alisema. Noti ilikuwa bado imenasa juu ya jicho lake. "Ulikuwa unanishinda vizuri kabisa. Rudi ukamalize."

Masalu alitikisa kichwa. Aliliweka wigi chini, taratibu, kama mtu anayeweka shada, akaondoka.

Wakapewa dume.

*

Pantaleo aliliuza dume kwa mchinjaji kabla hawajatoka machimboni. Njia nzima mpaka Shinyanga aliongea peke yake: jinsi samba ilivyofanya kazi, jinsi ambavyo sasa wataitwa hata Bukoba, jinsi ambavyo mke wake ana kichwa cha biashara. Violeth alikuwa ameegemea dirisha. Mbuke alikaa nyuma na Nelly, kitenge kimemfunika mpaka machoni, na kila gari lilipopita kwenye shimo kitenge kilitulia kwa sekunde moja, kisha kikaendelea kutetemeka.

Jumapili, watu walianza kuja saa nne, baada ya ibada ya kwanza. Klipu ilikuwa imefika Ngokolo, mtaani kwao, kabla yao. Mama Rhoda, yule wa kuwaita wanawe ndani, alitangulia na kilo ya sukari. Nyuma yake walikuja wanakwaya, muuza nyanya na mzee wa kanisa. Walivua viatu mlangoni. Walisema pole, pole mama, kumbe ni ugonjwa, tusamehe. Kila mmoja aliweka sarafu au noti ndogo kwenye mapaja ya Mbuke, kwa uangalifu, bila kumgusa.

Mbuke aliwaacha mpaka walipojaa. Kisha aliinuka, akachukua sinia, akapanga vikombe vinne.

"Dada, kaa," Nelly alisema.

"Wageni hawajanywa chai."

Alianza kutembea. Aliulegeza mtetemo kuanzia shingoni, akajifanya anaukwepa, akazunguka meza mara mbili akimtafuta mzee wa kanisa aliyekuwa amekaa mbele yake. Akampita, akarudi, akamkuta kwa mshangao mkubwa, na kikombe kimoja kikateleza, kikazunguka ukingoni mwa sinia, kikakaa. Nelly alijua kwamba dada yake hajawahi kuucheza mchezo ule vizuri namna ile. Hata Pantaleo mlangoni alifungua mdomo.

"Yesu wangu," Mama Rhoda alisema, na machozi yakamtoka. "Mpokeeni jamani. Mnamwacha ahangaike hivyo?"

Wanakwaya wawili waliruka, wakalichukua sinia. Mwingine alimkalisha Mbuke chini, akalowesha ncha ya kanga kwa mate yake, akampangusa udenda pembeni mwa mdomo. Mzee wa kanisa akasema tuombe.

Mbuke alifumba macho pamoja nao. Walipofika kwenye amina, hakuyafumbua. Alikaa hivyo mpaka wa mwisho alipovaa viatu. Hilo ndilo lilikuwa onyesho lake la mwisho, na hakuna hata mmoja kati ya waliolihudhuria aliyejua kwamba ameliona.

"Wameleta na sukari," Violeth alisema, akikusanya sarafu zilizobingirikia chini ya kiti. "Angalau."

Nelly alimtazama, akalibeba sinia nje, akaimwaga chai kwenye mchicha.

*

Basi la Mwanza lilikuwa la saa tatu. Jumatatu asubuhi Nelly alikwenda barabarani kutafuta bajaji, na Violeth akaingia na bakuli la mtindi uliochanganywa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupondwa. Tangu Jumamosi Mbuke hakuwa amekula mkononi mwa Violeth. Alikuwa amekaa kitandani, amevalishwa nguo za safari, mfuko wa plastiki wenye barua ukiwa ubavuni.

"Fungua mdomo, dada. Safari ni ndefu."

Mbuke aliubana mdomo.

"Hela ipo. Nimeishona kwenye sidiria, haitoki. Utapata dawa zote, hata za nje." Kijiko kilisubiri hewani. "Ulitaka tushindwe? Tungekwenda na nini? Wewe ndiye uliyesema twende. Mimi nimekwenda, nimepakwa ule uchafu, nimetapika, nimefanya nilichoweza. Sasa nitukane. Nitukane tuyamalize, mimi siwezi kukuogesha umeninunia."

Mbuke alifungua mdomo.

Violeth alipumua, akamlisha. Akamlisha cha pili, na cha tatu, akiendelea kueleza, kwa sauti iliyokuwa ikilegea sasa, kwamba huko Mwanza kuna daktari mzuri, kwamba yeye atalala chini ya kitanda kama walivyolala utotoni. Hakuona kwamba mashavu ya dada yake yalikuwa yakijaa. Mbuke alikuwa hamezi. Alimngoja. Alimngoja mpaka Violeth alipomaliza sentensi, akainua macho na kutabasamu kidogo. Ndipo akautema mtindi wote usoni kwake, kwa pumzi moja.

Nelly alikuwa mlangoni na Maganga, dereva wa bajaji. Maganga alivuta pumzi. Hakuna aliyecheka.

Mtindi ulimfunika Violeth macho, ukashuka puani, ukaning'inia kidevuni na kudondokea kwenye blauzi ya safari. Punje ya michembe ilikaa kwenye kope. Hakujipangusa. Mkono wenye kijiko ulibaki palepale hewani.

Mbuke alimkagua uso, upande mmoja, kisha wa pili, kwa makini, kama anayetafuta kitu kilichodondoka humo. Hakukiona. Kichwa chake kiliendelea kutikisika taratibu.

Kisha akafungua mdomo tena, wazi kabisa, na kungoja.

Violeth alisikia kitanda kikilia, akajua dada yake amesogea mbele kungoja. Akiwa bado hawezi kufumbua macho, alipapasa bakuli, akachota, akanyoosha mkono kuutafuta mdomo wa dada yake. Mara ya kwanza alikosea, akagonga kidevu. Mara ya pili akaupata.